Mkono Juu ya Mtumbwi

Sehemu ya tisa

Tulipoachana kulikuwa na kichwa kimoja tu juu ya maji, nanyi mmenisumbua wiki nzima. Mmenishika mkono sokoni, mmenigongea dirisha, mmoja kanifuata mpaka kwa kinyozi nikiwa na povu nusu ya uso: ni kichwa cha nani? Ni cha wifi yupi?

Haya. Kilikuwa kichwa cha Dobi.

Kwa aliyechelewa kupanda, maneno mawili. Dobi ni binti mkubwa wa marehemu Seremala, yule aliyeanzisha klabu ya mitumbwi ya jiji letu. Mdogo wake wa kiume ndiye Mwenyekiti wa klabu sasa. Mke wa Mwenyekiti ni Msusi, mwenye saluni ghorofani. Wifi hawa wawili hawapikiki chungu kimoja, ila Kocha, ambaye hajali nani anamchukia nani, aliwapanga mtumbwi mmoja, Msusi mbele, Dobi nyuma. "Wenyewe hawapendani," alisema, "lakini makasia yao yanapendana." Jumapili asubuhi, katika mashindano ya kujipima kabla ya maadhimisho ya klabu, wakiwa wameshawaacha wenzao mbali, mtumbwi ukagonga nguzo ya daraja, ukapinduka.

Na sasa mtumbwi ulikuwa tumbo juu, Dobi kando yake, Msusi haonekani.

Gati zima lilisogea ukingoni.

Kisha watu wote wakaona jambo moja. Dobi aliweka kiganja juu ya tumbo la mtumbwi. Akakandamiza, mtumbwi ukainama ubavu.

"Anafanya nini yule?" akauliza Katibu.

"Anajishikiza apumue."

"Mtu hujishikiza hivyo? Anakandamiza, jamani! Anakandamiza!" Huyo alikuwa Redio, fundi wa matairi, ambaye jina hilo hakupewa kwa sababu ya ukimya wake.

Kichwa cha Dobi kikazama. Kikaibuka. Kiganja kikarudi palepale, kikasukuma, mtumbwi ukainama ubavu tena, ukajirudi. Kichwa kikazama tena.

Kocha alikuwa kwenye boti ya injini, mbali kwenye bendera za mwisho, akivuta kamba ya kuwashia kama mtu avutaye mbuzi asiyetaka kwenda machinjioni. Injini ilikohoa. Ikazima.

Gatini pale walisimama watu wanaoogelea tangu utotoni. Hakuna aliyejitosa. Kila mmoja alimtazama jirani yake kuona kama jirani anavua viatu.

Kisha maji yakafunguka, Msusi akatoka.

Alitoka kama mtu anayezaliwa, kwa kelele. Vijana wawili wakamvuta kwa kwapa wakamlaza juu ya mbao. Mwenyekiti akashuka mbio kutoka jukwaa la waamuzi, akapiga magoti, akamshika uso.

"Mke wangu! Sema na mimi. Nini kimetokea huko chini?"

Msusi alitapika maji. Akatapika tena. Alipofungua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni Dobi, bado majini, mkono mmoja kaunyoosha juu, akingoja avutwe. Hakuna aliyemvuta. Mwisho alipanda mwenyewe kwa tairi lililofungwa ubavuni mwa gati, damu ikimchuruzika mdomoni.

Wifi na wifi wakatazamana.

"Alinikandamiza," Msusi akasema.

"Nani?"

"Wifi. Wifi alinikandamiza nife."

*

Kesho yake alasiri klabu ilikutana bandani.

Lazima niwaambie banda hilo ni banda gani. Marehemu Seremala alikuwa akitengeneza majeneza. Zamani zile mto ulikuwa wa wenye boti za injini na viti vyeupe vya kukunja. Sisi wengine tuliutazama kutoka juu ya daraja, bure. Siku moja Seremala alikusanya mabaki ya mbao za majeneza, akaunda mtumbwi, akaushusha majini mchana kweupe. Watu wakashikilia ukingo wa daraja kwa kicheko. "Jeneza linaelea! Jeneza linaelea!" Jina likanata. Mpaka leo klabu inaitwa Jeneza, na jezi zake zina kifuniko cha jeneza kilichodariziwa kifuani. Walikuja wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, wakaja wauza mboga, makarani, wauguzi. Kila aliyekubaliwa alichongewa kasia lake, likatundikwa ukutani. Ukifa, kasia lako hubaki pale na jina lako.

Ukifukuzwa, hukatwa. Na hukatwa na ndugu yako wa damu ikiwa unaye klabuni, kwa msumeno uleule wa Seremala. Mzee mwenyewe aliwahi kulikata la nduguye wa tumbo moja, na hakumsemesha tena mpaka wakamzika.

Sasa niulizeni kama watu walihudhuria. Mwanachama ambaye hajaonekana siku ya kung'oa magugu, wala ya kupaka rangi, wala ya kumzika mtu, alikuwepo, kiti cha mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Na pasi hiyo aliipiga Dobi.

Mwenyekiti alisimama. "Mimi ni ndugu wa huyu na mume wa yule. Sitasema neno. Katibu aendeshe kikao."

Watu wakanong'ona: huyu ndiye mtu wa haki.

Katibu akakohoa. "Dobi. Uliweka mkono juu ya mtumbwi, au hukuweka?"

"Niliweka."

"Ulikandamiza, au hukukandamiza?"

"Nilikandamiza ili nishuke. Mwili haushuki majini kwa kuombwa, Katibu, lazima usukume kitu. Mguu wake ulinasa kwenye mkanda wa kukanyagia, ule unaoushika mguu mtumbwini. Mkanda ulishavimba kwa maji, vidole vikashindwa. Nikautafuna."

"Ukautafuna?"

"Kwa meno."

Banda likaangua kicheko. "Jamani, kumbe tunafuga mamba!" Redio akapaza sauti, na waliokuwa wamenyamaza nao wakacheka.

"Na hiyo damu ya jana?"

"Jino. Limebaki kulekule." Dobi akafungua mdomo, akawaonyesha pengo.

"Mwenzio alikupiga teke akijiokoa!" akapiga kelele mama mmoja wa nyuma. Wakampigia makofi.

Kocha akanyanyuka, kofia mkononi. "Mimi mkanda nimeutazama. Umekatika. Una alama..."

"Alama za meno au za nguzo ya daraja?" Katibu akamdaka.

"Zinaweza kuwa za meno."

"Unaweza kuapa?"

Kocha aliizungusha kofia. Alimtazama Mwenyekiti, ambaye ndiye humpa kazi. "Kuapa siwezi," akasema, akaketi, na tangu hapo hakuinua macho.

Akaitwa Msusi. Alikuja akichechemea, kifundo cha mguu kimefungwa bendeji, kanga imeshikwa vizuri mabegani. Alikuwa mzuri siku ile, na alijua.

"Sina la kuongeza," alisema. "Nilichosema nimesema."

"Kuna ugomvi kati yenu?"

"Muulizeni yeye. Tangu niolewe ananiita Mgeni. Siku ya maadhimisho ananikalisha na wageni. Mimi ndiye ninayeongoza mtumbwi wa kina mama, lakini nikitoka tu majini naitwa Mgeni."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao, maana na wao walimwita hivyohivyo.

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mmoja akasimama: Dobi alimwambia mwanawe ana mikono ya kukunia nazi, asiguse kasia. Mwingine: Dobi alimwita mzigo mbele ya wakwe zake. Wa tatu, kijana wa watu mpole: Dobi alimrudisha nyumbani siku ya msiba wa baba yake kwa sababu viatu vina tope. Kila alipoketi mmoja aliinuka mwingine, na yote yaliyosemwa yalikuwa kweli.

Dobi alisikiliza. Mwisho akasema, "Kumbe nashtakiwa mdomo, si mkono."

"Vyote ni vyako," akajibu Katibu.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," Redio akadakia, "na nguo zetu zote anazifua huyu!"

Walicheka mpaka mitumbwi ikatikisika kwenye magogo yake.

Na msisahau jambo moja, maana wao hawakulisahau. Jumamosi ndiyo maadhimisho, na baada ya maadhimisho ndiyo uchaguzi. Mwenyekiti alikuwa ameshakubali klabu ihamie kando ya bwawa nje ya mji, ili hoteli moja ipate ukingo wa mto. Mtu mmoja tu alikuwa amejitokeza kugombea dhidi yake. Dada yake.

"Wanaotaka Dobi aondoke, wainue mikono."

Ilikuwa kama msitu. Kocha peke yake hakuinua, wala hakuweza kusema kwamba hakuinua. Alikuwa amejishika shavu kwa mkono, ukitaka unauhesabu, usipotaka unauacha.

Katibu aliushusha msumeno ukutani, akalishusha na kasia la Dobi, akaviweka mbele ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua koti. Akaliegemeza kasia kwenye benchi, akaukanyaga mpini, akasukuma. Meno ya msumeno yakanasa. Akasukuma tena, jasho likimtoka, msumeno ukapinda ukalia. Watu wakaanza kukohoakohoa.

"Vuta," Dobi akasema taratibu.

Mdogo wake akainua uso.

"Msumeno wa Baba haukati ukisukumwa. Vuta. Alikufundisha, ukawa unacheza."

Akavuta. Kasia likakatika kwa mivuto michache, vipande vikaanguka sakafuni. Redio alipiga makofi, akajikuta anapiga peke yake, akaacha.

Nje jua lilikuwa bado linawaka na ndani joto lilishazidi. Mtu akaokota kipande chenye bapa, akakipachika chini ya mlango ili usijifunge. Dobi akauvuka mlango huohuo, akatoka.

*

Asubuhi iliyofuata, kama kawaida, duka la Dobi lilikuwa wazi. Nguo za watu hazijui kwamba umefukuzwa.

Sufuria kubwa ilikuwa inachemka uani, kamba zimejaa mashuka, na ndani, kwenye meza ndefu yenye blanketi, Dobi alikuwa akipiga pasi jezi za klabu. Ndiyo, zilezile. Alizipokea kabla, na kazi iliyopokelewa hufanywa. Alinyoosha kola, akazungusha pasi taratibu pembeni ya kifuniko cha jeneza kilichodariziwa, akakunja, akaweka, akachukua nyingine.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Msusi akaingia akiburuta mguu.

"Una nguo?" Dobi akauliza bila kuinua uso.

"Sina."

"Sasa umefuata nini kwa dobi?"

"Nimekuja nikuone."

"Umeniona. Au nikuongezee mwanga?"

Msusi akaegemea meza. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Maneno yalikuwa yamepangwa kama sindano kwenye kitambaa.

"Nilisikia meno yako, wifi."

Pasi ikasimama.

"Kule chini," Msusi akaendelea. "Kuna giza, sioni kitu, maji yananiingia puani. Nikasikia meno kwenye mguu. Yanakwaruza mkanda, kwaru, kwaru. Nywele zako zikanipita usoni. Nikajua ni wewe, na nikajua unafanya nini. Uliondoka ukapumue, ukarudi. Uliniokoa."

Harufu ya kuungua ikapanda. Dobi hakusikia. Katika miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kuunguza hata leso ya mtoto. Siku ile pasi ilikula jezi mpaka blanketi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na bado ukawaambia..."

"Nikawaambia umenikandamiza. Ndiyo."

"Kwa nini?"

Msusi akatabasamu kidogo. "Unaikumbuka siku niliyotoka hospitali, nikapitia klabu kuchukua viatu vyangu? Chumba cha kubadilishia. Mlikuwa wengi."

Dobi akafikiri kwa dhati. "Sikumbuki."

"Ndiyo hiyo sababu. Hukumbuki."

"Nilisema nini?"

"Nilikuwa nimempoteza mtoto wiki ileile. Bado natembea nimejishika ukuta. Ukanitazama, ukasema: mtumbwi unaovuja haupakiwi mzigo. Wakacheka wote, wifi. Yule aliyekuwa ananyoa kwapa alicheka mpaka akajikata. Wewe hata hukucheka. Uliendelea kufunga nywele."

Sufuria ilichemka uani. Dobi aliing'oa pasi kwenye jezi, akaisimamisha, akatazama tundu jeusi kwenye kifuniko cha jeneza.

"Kama nilisema hilo," akasema, "ungenishtaki kwa hilo."

"Kwa nani? Kwa waliocheka?"

Dobi akakwaruza ukingo wa tundu kwa ukucha.

"Nilipofumbua macho gatini, nikakuona umenyoosha mkono. Nikawaza: nikisema kweli, leo huyu anakuwa shujaa. Aliyemwokoa Mgeni. Kila maadhimisho atasimamishwa apigiwe makofi, nami niinuke nimshukuru. Mpaka nife, nimshukuru! Heri ningebaki kulekule chini."

"Ungenitaarifu mapema, nisingepoteza jino."

Msusi akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Ona mdomo huo. Hata pengo halijaupunguza."

"Utawaambia kweli?"

"Sitawaambia."

"Na nikikuomba radhi?"

"Jaribu."

Hapa nilitamani niwaambie kwamba Dobi aliomba radhi. Alifungua mdomo. Mdomo ule uliojua jina la kumvulia nguo kila mtu mjini ulitafuta neno moja dogo, la herufi chache, ambalo watoto hulijua. "Wifi," alisema, "mimi siku ile... unajua nilivyo..." Hewa ikapiga mluzi penye pengo.

Msusi alimngoja. Alimngoja kwa haki kabisa, mikono kaifungamanisha, kama mtu anayemsubiri mzee avuke barabara.

"Basi," akasema hatimaye. "Kaa nalo."

Akatoka kwa mlango wa mbele akichechemea, akauacha wazi.

*

Hata mvuke haujatulia, mlango wa uani ukafunguliwa. Mwenyekiti alikuja akiinamia mashuka, akaingia, akafuta kiatu.

"Shikamoo, Dada."

Aliamkia kama siku zote. Kumbukeni alilofanya jana yake, halafu sikieni hiyo shikamoo.

"Sema ulilokuja nalo."

"Nimefuata jezi. Zinahitajika Jumamosi."

Dobi akazisukuma mezani. "Mkeo katoka hapa sasa hivi. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe. Sikumkandamiza. Aliyasikia meno yangu. Alidanganya."

Mwenyekiti akazipitisha jezi kwa kidole gumba. "Hii moja imeungua."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nini, Dada? Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilikuwa jukwaani na darubini." Alisema kama anavyotaja hali ya hewa. "Mtumbwi ulipoinama ubavu niliuona mguu wa mke wangu umenasa. Nikajua unatafuna. Uliibuka na kipande cha mkanda mdomoni, ukakitema, ukarudi chini."

Dobi alishika ukingo wa meza. "Ukakata kasia langu."

"Nilikata."

"Kwa ajili ya kiti."

"Ungenishinda, Dada. Watu wanakuogopa, na anayeogopwa huchaguliwa. Mimi wananipenda tu."

"Mimi nimekulea. Baba alipoanguka nilikulisha kwa mikono hii, ikiwa imechubuka kwa sabuni."

"Umenilea," akakubali. "Na haikupita siku hujanikumbusha."

Dobi alitaka kujibu. Macho yake yakapita bega la mdogo wake, yakafika mlango wa mbele, yakaona kitu kizingitini. Bendeji. Mguu wa Msusi ulikuwa umemshinda nguvu. Hakufika popote, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka, mgongo kwenye fremu ya mlango, kichwa kimegeuka upande.

Mwenyekiti alikuwa ameupa mlango kisogo.

Wengine tungepiga kelele. Dobi, wapenzi wasomaji, alichukua jezi nyingine, akaitandaza, akaongea kwa upole ambao hajawahi kuwa nao.

"Hebu nieleweshe, mdogo wangu, mimi nimezeeka. Uliuona mguu wake umenasa kabla sijazama mara ya kwanza, au baada?"

"Kabla."

"Kabla kabisa."

"Si nimekwambia? Kabla."

"Na wewe unaogelea kuliko wote pale. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mbona hukujitosa?"

Mwenyekiti alifikiri kidogo. Alikuwa na mtu wa kumwambia, na mtu huyo hakuwa na klabu, wala kasia, wala atakayemsikiliza. Kuna utamu katika kumwambia ukweli mtu wa namna hiyo.

"Nilitaka kuona kama utamwacha," akasema.

Dobi akapitisha pasi kwenye kola.

"Ungemwacha, ningekuwa nimemalizana nawe, Dada. Hakuna ambaye angekupa kura baada ya hapo. Hukumwacha. Nikasema basi, imeshindikana. Halafu akafumbua macho akasema mwenyewe! Mimi hata sikumfundisha. Ni bahati yangu tu."

"Na kama angeniacha?"

Mwenyekiti aligeuka.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili. Hakulia. Uso wake ulikuwa mtupu kama ukuta uliong'olewa picha.

"Nakuuliza, mume wangu. Kama angeniacha?"

Mnadhani alianguka miguuni pake? Mnadhani alijikanganya, akasema hapana, umesikia vibaya? Hata mimi nilidhani. Mwenyekiti alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akahesabu kichwani, na alipomaliza kuhesabu uso wake ukalainika.

"Nenda kawaambie," akasema.

"Nini?"

"Nenda klabu. Simama mbele ya Katibu, mbele ya Redio, waambie: juzi niliwadanganya, nikamfukuzisha mtu aliyeniokoa, ila leo nasema kweli, niaminini." Akazikusanya jezi kwapani. "Watakukata kasia kabla hujamaliza. Na wewe huna ndugu klabuni, kwa hiyo nitakukatia mimi. Nimeshajua, unavutwa."

Akachukua hata ile iliyoungua. "Chakula cha mchana nitakula kwa Katibu," akamwambia mkewe. Akainamia mashuka, akatoka kwa njia aliyoingilia, akipiga mluzi.

Wifi wawili wakabaki.

Kisha Dobi alimpita Msusi bila kumgusa, akaufunga mlango wa mbele, akashusha komeo. Akaja akavuta kiti.

"Keti, mguu huo utavimba."

Msusi akaketi.

"Jumamosi," Dobi akauliza, "Mwenyekiti anafungua maadhimisho kwa mtumbwi, kama kawaida?"

"Anafungua."

"Nani anapiga kasia naye?"

"Mke wa Mwenyekiti hukaa mbele." Msusi aliinua macho polepole. "Mimi."

"Mnapita darajani."

"Tunapita."

"Yeye kuogelea anajua," Dobi akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Nilimfundisha vizuri. Atakuwa na muda wa kufikiri."

Akasogeza kiti chake karibu, mpaka magoti yao yakagusana, jambo ambalo halikuwahi kutokea nchi kavu. Akachovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo, akaanza kuchora mto juu ya meza.

"Tazama hapa, wifi. Chini ya nguzo ya pili kuna maji yanayovuta ambayo Baba hakumwonyesha yeye. Alinionyesha mimi."